Alama za Jikoni

Turku, mwezi wa Mei, saa nne usiku,
na jua bado linasitasita dirishani.
Aulikki anaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Raimo anabisha kabla hajaulizwa.

Namba tatu: yule kijana wa Malta,
sauti ilimpasuka katikati ya kiitikio,
akacheka, akaendelea,
kama mtu aliyemwaga chai ugenini.

Namba mbili wanagombana.
Raimo anawataka mapacha wa Aisilandi na kodiani yao;
Aulikki anasema wale walibebwa na mavazi,
na koti la manyoya haliimbi.

"Haya, na ya kwanza?"

Friji inanguruma.

Wote wawili wanaijua.
Ni ule wimbo wa kwao, ulioambulia sifuri;
bara zima liliupita
kama watu wanavyokipita kiatu kimoja barabarani.
Usiku ule walikuwa na siku tisa hawajasemezana.
Kwenye sifuri ya kumi Raimo akaguna,
Aulikki akaguna,
wakacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Anaandika moja. Anaipigia mstari.
Kisha anaigeuza bahasha:
bili yenyewe haijalipwa.