Buluu Kiasi Gani

Shuleni tulichora mto kwa kalamu ya buluu,
samaki watatu, daraja, jua lenye miguu,
na mwalimu akatutilia vema.
Hakuna aliyetwambia kwamba siku moja
buluu itakuwa rangi ya kesi.

Kila Jumamosi, saa nne asubuhi,
Bi Eirlys Probert, aliyetupikia viazi vya shule miaka thelathini,
hushuka ukingo wa mto Cerwyn na mabuti ya marehemu mumewe,
soksi mbili mbili ili yamkae.
Huteka maji, hupima mililita kumi kwa bomba la sindano,
humimina unga wa pakiti, hutikisa,
kisha huhesabu dakika tatu kwa sauti, kwa Kiwelisi,
maana saa yake, asema, inajua Kiingereza tu na haiaminiki.

Yakibaki meupe pe, mto una afya.
Yakigeuka, kuna fosfeti.
Buluu ya macho ya kichanga: andika, angalia.
Buluu ya wino: kuna mtu huko juu, naye anajijua.

Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Yeye aliyazoa, mililita kumi kumi,
hadi daftari likavimba kwa mvua
na watu ishirini na sita wakawa na vichupa:
mwuza nyama, wasichana wa timu ya raga,
kasisi asiyetofautisha rangi, hivyo huja na mkewe,
na mimi,
mwana wa Idwal Pryce mwenye kuku laki moja na nusu.

Nilipewa kituo cha tisa. Hakuna aliyekitaka.
Ni pale mtaro wetu unapokutana na mto,
chini ya mabanda manne marefu kama treni iliyosahau safari,
mabanda yaliyonivisha, yaliyonisomesha,
yaliyomzika mama kwa heshima.
Nilitikisa. Nilihesabu polepole, nikiikawiza dakika ya tatu.
Wino.
Nikamwaga. Nikateka tena, juu kidogo,
kama mnunuzi anayetafuta mizani itakayompendelea.
Wino.

Damu nzito kuliko maji, hilo nimelelewa nalo.
Lakini maji yale yalikuwa yameshakuwa mazito:
ukitia mkono, unatoka na utelezi wa kijani,
na mawe yaliyokwaruza nyayo zetu utotoni
yameota manyoya.

Tulikutana ukumbi wa kanisa, Alhamisi, mvua ikitwanga bati.
Mtu wa serikali alikuja na tai na maneno ya kukunjua:
mchakato, wadau, wakati mwafaka.
Bi Probert alimwacha amalize, akamsogezea biskuti.
Kisha akasema: Haya, tusome.
Kituo cha kwanza. Cha pili.
Mwuza nyama alisoma chake kama anayetaja bei.
Cha tisa.
Baba alikuwa safu ya nyuma, kofia magotini.
Nilisoma namba, na sauti ikatoka ya mtoto.
Hakuna aliyegeuka kumtazama.
Nadhani hilo ndilo lililomuuma.

Wiki mbili tulisemezana kwa milango na sufuria.
Mtu wa serikali hajaandika; barua, tunaambiwa, iko njiani.
Sitaki kusema mto umepona. Haujapona.
Jumamosi iliyopita povu lilikuwa limekaa darajani,
na yule ndege wa kifua cheupe anayetembea chini ya maji
alisimama juu ya jiwe, akichungulia, akisita,
asiingie.

Nilipofika mtaroni nilimkuta mtu kanitangulia:
magoti matopeni, miwani kaisahau,
kichupa kakiinua kwenye mwanga wa ukungu,
anakisogeza jichoni, anakipeleka mbali.
"Umehesabu dakika tatu?" nikauliza.
"Tatu. Labda nne."
Kisha, bila kunitazama:
"Njoo, wewe mwenye macho.
Hii ni buluu kiasi gani?"