Bakuli la Jukwaani

Aikaruwa husema tule kwanza.
Mimi husema tule baadaye.
Ukila kwanza, ndizi zinakuziba masikio,
kufika onyesho la pili kidevu kiko kifuani
na mkeo anakutia kiwiko cha mbavu.
Ukila baadaye, Moshi hii ninayoijua,
saa nne usiku masufuria yamepinduliwa,
hata paka wa Mbuyuni wamekwisha gawana vichwa vya sato.

Jumamosi hii nilishinda mimi.
Tukaingia ukumbi wa parokia na njaa zetu mbili,
safu ya tatu, viti vya plastiki,
mvua ya Aprili ikipiga makofi juu ya bati
kabla mchezo haujaanza.

Na mchezo wenyewe, jamani, ulikuwa wa karamu!
Kijana mmoja mwembamba,
kapakwa majivu nyweleni aonekane mzee,
akaletewa bakuli.
Tuliokaa karibu tuliona: halina kitu.
Lakini aliinamisha uso kama anayepokea mvuke,
akapuliza,
akachovya vidole,
akatafuta mfupa pembeni, akaupata,
akafyonza uboho mpaka macho yakafumba.
Ukumbi kimya.
Ndipo tumbo langu likajibu.
Lilijibu kwa sauti, kwa sentensi nzima,
na bibi wa safu ya mbele akageuka kunitazama
kama mtu aliyesahau kuzima simu.

Tulitoka saa nne na robo.
Kiusa, muuza chipsi alikuwa anamwagia jiko maji:
"Viazi vimeisha, mzee. Imebaki chachandu."
Kwenye hoteli ya vitambaa vyeupe
bei zilikuwa za dola, na mhudumu
alitutazama viatu kwanza, ndipo nyuso.
Baa ya kitimoto nyama ilikuwepo, sikatai,
ila na runinga tatu, na mechi mbili,
na Aikaruwa alitaka tuzungumze mchezo:
kwa nini yule mzee alimsamehe mwanawe,
na je, mimi ningemsamehe?
Swali kama hilo halijibiki
watu wakigombania penalti.

Twende, akasema. Tukaenda.
Mwavuli mmoja, bega langu la kushoto nje.
Hakusema "si nilikuambia."
Miaka thelathini na moja ya ndoa
imenifundisha uzito wa neno lililobaki mdomoni.

Karibu na stesheni, chini ya turubai la bluu,
Mama Elinipa alikuwa anakwangua sufuria.
"Mtori upo wa watu wawili na nusu," akasema,
"na hiyo nusu keshaianza yule."

Yule, kwenye benchi: mzee wetu wa karamu,
miaka ishirini na mbili, labda na mitatu,
majivu yamechuruzika na mvua hadi kwenye kola,
bakuli mikononi, na safari hii limejaa.

Nisikufiche: alikula vibaya.
Aliunguza ulimi. Alijimwagia shati.
Mfupa alipoupata aliusukuma kando,
hakuwa na subira nao.
Jukwaani alikula vizuri zaidi.

"Kila Jumamosi huja na njaa hivyo,"
Mama Elinipa akaninong'oneza,
"sijui anafanya kazi gani."

Aikaruwa alicheka mpaka akashika meza.
Kisha akanisogezea bakuli lake, lile lenye nyama,
akavuta langu lenye ndizi tupu,
akaniegemea upande wa bega lililolowa.
"Haya, hapa hakuna kelele.
Ungemsamehe?"

Nikainamisha uso kwenye mvuke.
Nikapuliza.
Nikatafuta mfupa pembeni,
nikapuliza tena, polepole,
kama mtu aliyefundishwa.