Milimita kwa Siku

Miaka kumi na tisa nimekata vioo Gerezani,
milimita tatu, nne, sita,
na kioo hakikuwahi kunidai
hadi Jumanne ile bamba lilipoteleza
likapita chini ya kiwiko cha kushoto
kama kisu kwenye papai bivu.
Damu ilifungwa kwa kanga ya mama ntilie.
Muhimbili wakaunga neva kwa uzi
ambao, waliniambia, macho yangu yasingeuona.

"Kupimwa, bado," akasema daktari.
"Neva ikikatwa, msuli huchelewa kupata habari.
Upe wiki tatu, ndipo utasema kweli."

Nikangoja. Kidole cha mwisho na jirani yake
vimejikunja kama vinaficha sarafu.

Bi Tulinagwe akanifuta spiriti,
akachoma sindano nyembamba yenye mkia wa waya
kwenye nyama iliyo kati ya gumba na shahada.
"Legeza mkono. Usifanye kitu."
Sikufanya kitu.
Spika ikaanza: ta, ta-ta, ta,
rasharasha juu ya bati la Mbagala.
Kumbe upo! nikasema, nikacheka.
Yeye hakucheka.
"Msuli mzima ukipumzika, hunyamaza.
Huu umeachwa. Unaongea peke yake."

"Sasa tanua vidole."
Nikatanua kwa meno, kwa shingo,
jasho likanitoka na feni inazunguka.
Mvua ileile juu ya bati,
na ndani hamna mtu.

"Neva huota milimita moja kwa siku," akasema,
"ikijaliwa."
Hapo nikamwelewa. Hiyo ndiyo lugha yangu.

Kibandani Chande akashika rula ya chuma kwenye kovu,
nikasoma: mia mbili tisini na nne.
Nikaandika ukutani kwa penseli ya vioo.
Kila asubuhi, kabla ya chai, natoa moja.
Chande anakata, mimi nasahihisha kwa mdomo;
mdomo haujawahi kukata kioo.

Sifuri ikafika. Kidole kimelala.
Sikujua chini ya sifuri mtu anaandika nini,
nikaacha ukuta.

Bi Tulinagwe, sindano ileile, nyama imekonda.
Mvua imepungua.
"Tanua."
Du.
Kimya kirefu.
Du.
Kidole hakikutikisika hata unywele.
"Mmoja," akasema, akiandika.
Mmoja nini?
"Mmoja amefika."

Chande akauliza wamesemaje.
Nikagonga meza kwa fundo la kidole kizima,
mara moja,
nikamwambia alete bamba la nne.