Kamba ya Mafundo

Bwana shamba alituachia mbegu kilo mbili
na kamba yenye fundo kila upana wa kiganja.
"Karanga si wanafunzi wa gwaride,"
alisema shemeji Nangomwa,
akacheka hadi kofia ikadondoka.

Mimi sikucheka. Wala sikuamini.
Nilificha mistari yangu nyuma ya mikorosho,
robo ekari, pasipopita mtu;
mbele, kando ya njia ya Naipanga,
nikatawanya mbegu ya marehemu mama,
isije ikasemwa nimemkana.

Mvua ya Desemba ikaja, ikakata wiki tatu.
Mbele majani yakajikunja, manjano, yakadumaa.
Nilipita bila kuyatazama.

Siku ya kung'oa shina la kwanza kule nyuma
nilikaa chini.
Nikahesabu maganda, nikahesabu tena:
thelathini na nane.
Nikaangaza huku na huku kama mwizi.

Kumbe mwizi alishapita.
Mashina saba hayapo, pembeni,
na mashimo yamefukiwa kwa adabu.
Sikupiga yowe.

Msimu uliofuata, alfajiri,
nikamkuta shemeji kainama shambani kwake,
anarudi kinyumenyume,
kamba ya katani imetandazwa mbele yake.
Mafundo kayapima kwa kiganja chake mwenyewe,
kiganja cha mpasua mbao.

Akaniona. Kofia akaivuta usoni.
Nikatua jembe, nikashika ncha ya pili.
"Legeza hapo," nikamwambia,
"fundo lako la nne limekimbia."