Dirisha Namba Nne

Kwanza wanauliza kadi.
Sio usingizi umepotea tangu lini,
sio nani amekuleta.
Kadi ya bima.
Nasema sina, na aliye nyuma yangu
anasogea hatua moja mbele,
kana kwamba nimeshaondoka.

"Jina?"
Sikujua.
"Hukujua nini, dada?"
Ndilo jina. Sikujua Pazi, wa Mbagala,
fundi cherehani.
Anacheka, naye ana meno mazuri, simlaumu.

Ramadhani iliyopita nilishona siku nne bila kulala.
Satini ya Mama Chausiku, mita sita, ya gauni la Idi,
niliikata vibendera
nikavitundika kuanzia genge la Ndembo mpaka bombani,
watoto nyuma yangu wakishangilia.
Siku zile sikuwa mgonjwa.
Nilikuwa umeme wenyewe,
mtaa ndio uliokuwa gizani.

Halafu kukakatika.
Mwezi na nusu natazama bati,
nahesabu misumari, napotea, naanza upya.
Satini ile nailipa mpaka leo,
elfu kumi kumi.

Mganga wa kwanza hakuuliza kadi.
Alichukua mbuzi, akachukua na mashine ya kudarizi,
akasema jini ni wa baharini na anapenda vitambaa.
Hapo hakukosea sana.

Daktari alikuwa kijana, kalamu yake
imefungwa uzi kwenye mguu wa meza.
Aliutaja ugonjwa kwa jina lake, baipola,
taratibu, kama mtu anayemtambulisha mgeni
ambaye ameshakula kwako miaka tisa.
"Meza kila usiku. Hata ukijisikia mzima.
Hasa ukijisikia mzima."

Duka la kwanza, elfu arobaini na mbili.
La pili, nyuma ya stendi, elfu kumi na nane,
dawa ile ile, kiwanda kingine.
Bi Nasra alinisomea maandishi madogo kwa miwani yake,
akasukuma pakiti kaunta:
"Usilipie boksi, mwanangu. Boksi halimezwi."

Mwezi wa tatu hela ikagoma.
Nikavikata vidonge kwa mkasi wa kitambaa,
nusu ya leo, nusu ya kesho.
Mimi fundi: kitambaa kikipungua unabana pindo,
mteja hajui.
Kichwa hakina pindo.
Siku ya kumi nilikuwa tena juu ya stuli saa nane za usiku,
napima ukuta kwa futikamba.

Asiye na mwana aeleke jiwe.
Mimi sina bima, naeleka bahasha ya kaki:
cheti cha kliniki, risiti za Bi Nasra,
barua ya mtendaji wa mtaa,
*mwenye barua hii ni mkazi wangu na hana uwezo.*
Hana uwezo.
Nimeshona sare za shule nzima, madarasa saba,
na mtendaji mwenyewe suruali aliyovaa akipiga muhuri
nilimpunguza kiuno mimi.

Ofisi ya ustawi wa jamii iko mwisho wa korido,
baada ya wanapofulia mashuka.
Yule mama amesoma kila karatasi. Kila moja.
Kisha akaandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa:
MSAMAHA.

Nimelitazama neno hilo mpaka likalowa jasho la kidole.
Msamaha.
Nimemkosea nani?
Mama Chausiku, sawa. Mama yangu,
aliyelala mlangoni ili nisitoke, sawa.
Lakini hospitali?

Nimerudi dirisha namba nne.
Kumwona daktari, bure. Kupima damu, bure.
Dawa?
"Zimeisha. Jaribu Jumatano.
Au kanunue nje."

Basi nje. Bi Nasra amekata karatasi ya vidonge,
amenihesabia kumi, ndivyo nilivyomudu.
Mia sita kimoja. Pindo la sketi ni elfu moja,
yaani usiku mmoja, na inabaki ya mkaa.
Hesabu hiyo naipenda, inakaa mkononi.

Kila nikimeza nachora mstari kwa chaki
ubavuni mwa cherehani.
Jana nililala saa saba kamili.
Sikuota kitu, hakuna la kusimulia.
Leo nina sketi nne za bluu,
na mwenye nazo anazitaka kabla ya kengele.