Zamu ya Asubuhi, Ukuta wa Kaskazini

Stamford, mwezi wa Machi, na baridi haijaamua kuondoka.
Nimezungusha turubai jeusi upande wa kaskazini wa kanisa
ili mwanga wangu usimtoboe mpita njia jicho.
Navaa miwani ya kijani. Nawasha mtambo.
Unanguruma kidogo, kama paka aliyeonewa,
kisha leza inaanza: ta, ta, ta, ta,
bisi zikipasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Watu hudhani nasugua. Sisugui.
Sigusi hata.
Rangi nyeusi huumeza mwanga kwa pupa,
hushiba, hupasuka, huwa moshi
wenye harufu ya nywele zilizoungua.
Chini yake jiwe la chokaa, rangi ya siagi,
huurudisha mwanga ulikotoka. Halitaki.
Ndiyo siri nzima: cheusi hufa kwa ulafi,
cheupe huokoka kwa kukataa.
Mkufunzi alipotamka hivyo darasani
wote walinigeukia.
Nami nikaendelea kuandika.

Bi Allgood, msimamizi wa kanisa, amenipa maagizo:
ondoa rangi yote, ila usiguse
T.W. 1688, iliyochongwa kwa kisu kando ya dirisha.
Nimeifunika kwa karatasi na utepe,
taratibu, kama goti la mtoto lililochubuka.
T.W. naye hakuomba ruhusa.
T.W. naye aliharibu ukuta wa watu.
Basi tu amekufa kitambo cha kutosha,
na uhuni wake umeota heshima kama kuvu.

Yangu ya leo ni marefu kuliko mlango:
DORRIE RUDI NYUMBANI.
Mji umewashuku vijana wa kituo cha basi,
maana mji hauna wengine wa kuwashuku.
Juzi nilifuta NYUMBANI. Jana, RUDI.
Sikuwaza lolote; neno kwangu ni sentimita za mraba,
ni chujio la kubadilisha, ni shingo inayouma.
Leo nimefika kwenye jina,
na nje ya turubai mzee anakohoa ili nimsikie.

Anaitwa Pickwell. Alikuwa fundi saa.
Viatu vimeng'arishwa, mikononi vikombe viwili vya chai.
"Jina ndilo gumu?"
Namweleza: maneno mengine yalikuwa meusi,
jina limepigwa kwa rangi ya fedha,
na fedha ni kioo, huurushia mwanga usoni mwake.
Nitarudia na kurudia. Hata hivyo
kivuli chaweza kubaki ndani ya vinyweleo vya jiwe.

"Kivuli," anasema, kama anayeonja chakula cha kigeni.
"Hukaa muda gani?"
Nami, mpumbavu, najibu kama kitabu:
inategemea mvua.

Ndipo naiona kucha ya kidole chake cha shahada,
ukingo wa fedha
ambao hakuna sabuni iliyouweza.

Nashukuru kwa chai.
Hasemi Dorrie ni nani. Siulizi.
Binti, mke, dada aliyeondoka na sanduku moja;
huenda hata mbwa.
Aliyelemewa na neno hulitua popote,
na ukuta una adabu ambayo majirani hawana:
haukatizi mtu kauli.

Tunakunywa tumesimama. Anauliza bei ya mtambo.
Namtajia. Anapiga mluzi.
Kisha anaondoka akipitia makaburini,
bila kugeuka, akihesabu kitu kwa vidole.

Jioni nazima. D imetoka, O imetoka,
R zimegoma kidogo, moja zaidi ya pacha wake.
Naandika kwenye fomu: asilimia tisini na tano.
Bi Allgood anavaa miwani, anainama,
anasema hongera, kama mpya.

Hizo tano, sijui.
Labda ni baridi. Labda ni shingo.
Lakini jiwe likilowa, siku ya manyunyu,
njoo usimame pale karibu na T.W.,
usogee, usogee tena,
mpaka pumzi yako ifike ukutani.