Gusa Chuma Kwanza

Somo la kwanza halikuwa petroli. Lilikuwa vitambaa:
cha buluu ni cha kioo kwa nje, cha manjano kwa ndani.
Ukivichanganya, alisema Bi Kumagai,
umempaka mteja tope la barabara usoni.
La pili, mabomba: jekundu petroli, la kijani dizeli,
la buluu mafuta ya taa, ambayo hapa Hokkaido
theluji ikishaanguka huhesabiwa pamoja na chakula.
La tatu: gusa chuma kwanza.
Vua glavu, weka kiganja kwenye bamba la pampu,
umeme wa sweta lako ushuke ardhini,
ndipo ufungue kifuniko.

Mtihani wa vitu vya hatari nimeanguka mara mbili.
Maswali thelathini na tano. Usiku nayasoma
juu ya kreti za oili, miguu kwenye hita:
petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka
hata baridi ikifika nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Hilo silisahau. Mengine huyeyuka.

Ukutani kuna ngazi aliyoichora mwenyewe kwa kalamu nene:
mhudumu, fundi daraja la tatu, msimamizi, meneja.
Kidole chake hupanda polepole, kisha kikikaribia juu
hukumbuka kuna simu ya kupiga.
Mwanawe yuko Sapporo, anauza magari ya umeme.
Na tangi lililo chini ya nyayo zetu
lina miaka thelathini na tisa. Mkaguzi atakuja mwakani.
Bei ya jipya ni bei ya nyumba.

Mama huniuliza: kazi hiyo ina kesho?
Namjibu kwamba leo yake huanza saa kumi na mbili alfajiri.
Haba na haba hujaza, mama,
na hapa ipo hata mita ya kuhesabu.
Sijamwambia habari za Mzee Okuyama wa bondeni,
ambaye lori letu dogo likichelewa siku moja
hulala na koti na viatu.
Jumanne nilimjazia. Akanipa viazi vitatu vya moto,
akauliza ni nani atakayemletea mwaka kesho.
Nikainama kama nilivyofundishwa,
nikabaki nimeinama hadi mlango ukafungwa.

Nilipofika nyumbani
mama alininyoshea mkono apokee mfuko wa viazi.
Nikavua glavu,
nikashika kitasa kwanza.